UZI: Tando za seli za fueli za joto la juu, nini hasa kinaziua mapema huku kusini

#1 Mwalo_Mikindani

Wakuu, salaam kutoka Mtwara kuchele.

Kwenye ule uzi wa umeme wa dharura wa minara na friji za chanjo, watu wengi waligusia seli za fueli halafu wakaziacha na jibu lilelile: "hazidumu". Jibu hilo ni nusu. Zikiachwa zifanye kazi zinadumu vizuri tu. Zinazokufa mapema huuawa na kuwashwa na kuzimwa ovyo, maji, na uchafu wa hewa. Huku kwetu vyote vitatu vipo vya kumwaga.

Kwa mgeni: seli ya fueli huzalisha umeme kwa kukutanisha haidrojeni na oksijeni ya hewa. Katikati ina utando, na kila upande una elektrodi yenye platinamu: anodi upande wa haidrojeni, kathodi upande wa hewa. Seli nyingi zikipangwa pamoja ndiyo staki. Nazungumzia aina moja tu: utando wa polibenzimidazoli, kwa kifupi PBI, uliolowekwa asidi ya fosforiki. Siyo zile za kwenye magari, zinazofanya kazi nyuzi 80 na kudai hewa yenye unyevu muda wote. Hizi zinakaa kati ya nyuzi 120 na 180, na penye raha yake ni 160. Mseto huu wa PBI na asidi ulitolewa na watu wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, mwaka 1995. PBI yenyewe ndiyo inayofumwa kwenye nguo za zimamoto, nyuzi 160 kwake ni kama jua la asubuhi. Ukisikia mtu anasema "utando umeungua", jua hajaifungua.

Umeme wa ndani haubebwi na plastiki, unabebwa na asidi. Kila kipande cha mnyororo wa PBI kina sehemu mbili za naitrojeni zinazoshika molekuli mbili za asidi kwa nguvu. Asidi inayozidi hapo iko huru, imekaa kama maji kwenye sponji, na hiyo iliyo huru ndiyo inayopitisha protoni kwa wingi. Kwa maneno mengine, kinachofanya kazi ndicho hichohicho kisichofungwa kamba.

Utando uliozamishwa kwenye asidi ya asilimia 85 hubeba molekuli 5 hadi 11 hivi kwa kila kipande. Ule unaomiminwa ukiwa tayari na asidi yake ndani hubeba 30 na zaidi. Huu wa pili unapitisha umeme vizuri zaidi lakini ni laini kama jeli, ukikaza bolti kupita kiasi unatambaa pembeni na kuwa mwembamba.

Hesabu ya uhai iko hivi. Kwa mzigo wa ampea 0.2 kwa sentimita ya mraba, nyuzi 160, haidrojeni na hewa, seli moja nzuri huanza karibu volti 0.65. Ikiendeshwa mfululizo hushuka mikrovolti 5 au 6 kwa saa, na zipo zilizovuka saa 20,000 kwa mwendo huo. Mikrovolti 6 mara saa 20,000 ni volti 0.12, kwa hiyo inabaki 0.53. Ukihesabu mwisho wa maisha pale inapopoteza asilimia 10, ni saa 10,800 hivi, yaani mwaka mmoja na miezi mitatu bila kupumzika.

Sasa ichukue hiyohiyo uiwashe jioni na kuizima asubuhi kila siku. Kasi ya kushuka hupanda karibu mara mbili hata kwa watu wa maabara, wenye naitrojeni na vali za otomatiki. Ukiizima kienyeji, usiulize.

Karibuni.

#2 BintiMsimbati

Niko siti ya mbele. Mkuu Mwalo, hiyo asidi isiyofungwa kamba inaondokaje? Nyuzi 160 siyo nyingi kwa asidi ya fosforiki, haichemki pale.

#3 Mwalo_Mikindani

Haichemki, dada, ila inatoa mvuke kidogokidogo, na mvuke huo unapanda haraka sana joto linapopita 170. Kwenye 160 upotevu ni mdogo, hautakuua ndani ya miaka miwili. Kwenye 185 utahesabu miezi. Na hapa kuna kosa la kijinga linalojirudia: kihisi cha joto kinafungwa kwenye bamba la mwisho la staki kwa sababu ndipo pa kufikika kirahisi. Bamba la mwisho liko baridi kuliko katikati. Kioo kinasema 160 huku seli ya katikati iko 175. Toboa shimo la kihisi kwenye sahani ya katikati, kisha weka cha pili mwisho ili uone tofauti. Ikizidi nyuzi 10, tatizo ni upoozaji, usiushushie utando lawama.

Njia ya pili ni maji, na hii ndiyo mbaya. Joto likiwa juu ya 120, maji yanayozalishwa hutoka kama mvuke bila kugusa chochote. Yakiwa chini ya 100 yanakuwa matone, na asidi ya fosforiki inapenda maji kuliko inavyoipenda PBI. Tone likipita linaondoka nayo.

Ya tatu ni kunyonywa. Sahani za grafiti zenye vitundu vidogo zinakunywa asidi pole pole. Ukivuta mzigo mkubwa kwa muda mrefu nao unaisukuma asidi upande wa anodi, huko inafurika kwenye elektrodi na kuziba njia za gesi.

Halafu kuna hali inayofanana na kifo lakini siyo kifo. Ukiiacha staki kwenye 160 bila mzigo huku hewa kavu inapita, molekuli mbili za asidi hushikana na kutoa maji, inakuwa asidi ya pirofosforiki. Upitishaji unashuka. Ukirudisha mzigo, maji yanayozalishwa yanairudisha kama ilivyokuwa ndani ya saa kadhaa. Watu hununua utando mpya kumbe ule wa zamani ulikuwa na kiu tu.

#4 Chumvi_Lindi

Ongezea unyevu wa pwani, mkuu, maana hapo ndipo vitabu vya Ulaya vinapotuacha. Staki ikiwa imezimwa na milango yake iko wazi, ile asidi inafyonza maji kutoka hewani kama chumvi kwenye kijungu kisicho na kifuniko. Hewa ya Lindi ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ina mvuke wa kutosha kuizimua asidi, ikavimba, ikasukumwa nje ya utando kuingia kwenye elektrodi. Siku ya tatu unaiwasha, maji yanachemka kwa kasi, yanabeba asidi kwenda nayo kwenye bomba la kutolea.

Kwa hiyo vali nne: hewa kuingia, hewa kutoka, gesi kuingia, gesi kutoka. Zote zifunge umeme ukikatika, siyo zifunguke. Nasisitiza hilo kwa sababu zipo vali za hewa zinazouzwa ambazo hufunguka umeme ukikatika.

#5 MkoroshoMkavu

Wazee mnazungumzia chumvi na unyevu, mmesahau kitu kinachorushwa angani na watu wenyewe. Kuanzia Mei au Juni hadi Agosti, Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, kila alfajiri watu wanapulizia salfa ya unga kwenye mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga. Wanapulizia mapema kwa sababu upepo umetulia na kuna umande, unga unashika. Huohuo utulivu ndio unaoacha wingu la njano likielea mita chache juu ya ardhi, na blowa ya staki inavuta kutoka hapohapo.

Salfa inayeyuka nyuzi 115. Ndani ya kitu chenye nyuzi 160 huo siyo unga tena, ni kimiminika chenye mvuke. Inakaa juu ya platinamu na haitoki kirahisi.

#6 FundiPalepale

@MkoroshoMkavu hapo umekuza mambo. Sifa kubwa ya hizi seli ni kuvumilia uchafu. Zile za nyuzi 80 zinalia kwa kaboni monoksidi ya sehemu 10 kwa milioni, hizi zinakula asilimia 1 hadi 3. Ndiyo sababu unaweza kuzilisha gesi ya methanoli bila mtambo wa kusafisha. Salfa kidogo haitazisumbua.

#7 MkoroshoMkavu

Kaboni monoksidi na salfa ni vitu viwili. Kaboni monoksidi hushika platinamu lakini joto linaiachisha, ndiyo maana kwenye 160 inavumilika na kwenye 120 haivumiliki. Salfa hushika imara zaidi, na joto la 160 halitoshi kuing'oa. Ni kweli seli hizi zinavumilia haidrojeni salfidi zaidi ya zile za baridi, lakini kuvumilia siku moja na kuvumilia msimu wa miezi minne mbali mbali.

Na usisahau rifoma, ule mtambo unaogeuza methanoli kuwa gesi yenye haidrojeni. Ile ya methanoli ina kichocheo cha shaba na zinki. Shaba na salfa ni paka na panya. Klorini ya chumvi nayo inaiua vilevile. Kwa hiyo hata staki ikistahimili, rifoma itakusaliti: inaanza kupitisha methanoli isiyovunjwa, nayo inafika kwenye anodi na kuharakisha uchakavu.

Filta ya kufaa huku bara, kwa mpangilio wa hewa inavyoingia:

Kwanza mdomo wa kuvutia hewa uwe juu, mita 4 na zaidi, umegeukia upande usio na mashamba, na uwe na kofia inayotazama chini. Kisha filta ya karatasi ya aina ya injini ya dizeli ya kukamata unga. Baada yake filta laini ya kukamata chumvi ya ukungu, hii wa pwani msiiruke. Mwisho sanduku la mkaa hai uliotiwa alkali, ule mweusi wa punje, kwa ajili ya gesi za salfa. Mkaa wa kawaida wa kupikia haufai, haujatobolewa vitundu vya ndani.

Weka mpira wa maji wa herufi U kati ya kabla na baada ya filta ya karatasi. Tofauti ya maji ikifika mara mbili ya siku ya kwanza, badilisha. Msimu wa kupulizia usingoje ratiba ya miezi, angalia maji.

#8 FundiPalepale

Sawa mkuu, hapo kwenye rifoma nimekubali. Ila vumbi la saruji mbona hamlitaji?

#9 Chumvi_Lindi

Litajwe. Vumbi la saruji ni kalisi, na kalisi ikikutana na asidi ya fosforiki inakuwa fosfeti ya kalisi, jiwe jeupe. Linakula asidi halafu linaziba. Lakini filta ya karatasi inalimaliza, siyo mjanja kama salfa. Tusilipe ukurasa.

#10 Mtu_wa_Tandahimba

Naomba utaratibu wa kuwasha na kuzima, hatua kwa hatua, maana mmesema ndiyo muuaji namba moja halafu mmekimbilia mikorosho.

#11 Mwalo_Mikindani

Haya. Kwanza sababu, ili hatua zisionekane kama matambiko.

Elektrodi ni platinamu iliyonyunyizwa juu ya kaboni. Kaboni ikiwa na maji na volti ya juu inaliwa, inageuka kaboni dayoksidi na kuondoka. Kwenye kazi ya kawaida, seli iko volti 0.55 mpaka 0.7, kaboni inaliwa polepole mno. Isipokuwa na mzigo inakaa 0.9 na kuendelea, inaliwa haraka. Sasa kibaya zaidi: staki ilizimwa, anodi imejaa hewa, wewe unafungulia haidrojeni. Kwa sekunde chache nusu ya anodi ina haidrojeni na nusu ina hewa. Nusu yenye haidrojeni inaibana ile nyingine, na upande wa pili, kwenye kathodi, kipande kile kinapandishwa hadi karibu volti 1.4. Platinamu inayeyuka, kaboni inatafunwa. Mita yako ya nje haionyeshi kitu, maana inasoma seli nzima.

Kuwasha:
Vali zote zimefungwa, hakuna gesi. Pasha moto kwa hita ya umeme au mafuta ya kuhamishia joto, nyuzi 2 kwa dakika hivi. Kutoka 30 hadi 120 ni dakika 45, usikimbilie. Ukifika 120, pitisha naitrojeni anodi, kisha haidrojeni kwa mkupuo wa haraka, siyo kwa kudondosha. Mpaka wa gesi ukipita upesi madhara yanapungua. Kipingamizi (rezista) kidogo kiwe kimeunganishwa kwenye staki wakati huo ili volti isiruke. Ndipo hewa. Mzigo mdogo kuanzia 130 au 140, mzigo kamili 160. Kama unatumia gesi ya rifoma yenye kaboni monoksidi, usiifungulie kabla ya 160. Kwa haidrojeni safi 120 inatosha.

Kuzima:
Punguza mzigo hadi kidogo, acha hewa nyingi ipite dakika 5 kukausha maji huku bado iko 160. Ondoa mzigo, unganisha kipingamizi hapohapo. Funga hewa. Haidrojeni iendelee mpaka kila seli ishuke chini ya volti 0.1, hapo oksijeni ya kathodi imeliwa. Funga haidrojeni, sukuma naitrojeni pande zote mbili, funga vali nne, acha ipoe.

Ukikata haidrojeni kabla ya kipingamizi kumaliza kazi, seli dhaifu inageuzwa kichwa chini na kaboni ya anodi ndiyo inayoliwa. Haidrojeni ni ya mwisho kutoka.

#12 Mtu_wa_Tandahimba

Naitrojeni tena! Mtungi unatoka Dar, mkuu. Nani atakuwa anabeba mitungi mpaka Kitangari kila wiki?

#13 BintiMsimbati

Kila wiki siyo kweli, tupige hesabu. Staki ya seli 40, njia zake zote za gesi pamoja na mabomba hazizidi lita 2. Kusafisha mara 10 ya ujazo ni lita 20 kwa kuzima mara moja. Mtungi wa lita 50 wenye shinikizo la baa 150 una lita 7,500. Gawanya, ni mara 375 za kuzima, bila kuhesabu ile kidogo ya kuwasha. Mara moja kwa siku ni mwaka na siku 10. Kinachomaliza mitungi ni maungio yanayovuja. Paka povu la sabuni kila ungio siku ya kufunga, na usiache rigyuleta imefunguka usiku.

#14 Mtu_wa_Tandahimba

Na kama kathodi imeshaliwa oksijeni yake na kipingamizi, kilichobaki siyo naitrojeni hiyohiyo ya hewa? Kwa nini nisifunge vali tu?

#15 Mwalo_Mikindani

Swali zuri, na jibu ni: inakaribia kufaa, lakini fizikia inakudai. Ndani kuna nyuzi 160, yaani kelvini 433. Ikipoa hadi 30 ni kelvini 303. Gesi iliyofungiwa inabaki na asilimia 70 ya shinikizo lake. Toa ile oksijeni iliyoliwa, asilimia 21 ya hewa, unafika karibu nusu ya shinikizo la nje. Staki inakuwa kama chupa ya uji wa moto iliyozibwa: inavuta. Itavuta hewa ya pwani yenye unyevu kupitia gasketi yoyote dhaifu, na itaubana utando.

Ukitaka kuokoa naitrojeni, tumia mbinu ya kipingamizi, kisha acha mtungi umeunganishwa kwa shinikizo dogo sana, milibaa 20 au 30 juu ya nje, wakati wa kupoa tu. Hapo unatumia lita moja mbili badala ya 20. Lakini maji yawe yamekaushwa kabla, hilo halina njia ya mkato.

Bora kuliko vyote ni kupunguza idadi ya kuzima. Umeme unaokatika kwa dakika 20 usiamshe staki, ubebwe na betri. Betri ya kubeba saa moja inaifanya staki iamke kwa mikatiko mirefu tu. Ikishaamka, iache ifanye kazi hata baada ya umeme kurudi, ijaze betri kwa mzigo mdogo kisha izimwe kwa utaratibu. Mtu anayenunua staki kubwa na betri ndogo amefanya hesabu kinyume.

#16 FundiPalepale

Kwa wanaotumia methanoli, vipimo basi. Uwiano sahihi ni ujazo 60 wa methanoli na 40 wa maji. Hapo kila molekuli ya methanoli ina molekuli moja na nusu ya maji. Rifoma iwe nyuzi 250 hadi 300. Kwa staki inayotoa kilowati 1, tarajia lita 0.8 hivi ya mchanganyiko kwa saa kabla ya matumizi ya blowa na pampu. Ukipunguza maji, kaboni monoksidi inapanda na masizi yanaanza kwenye kichocheo. Ukizidisha, unachoma joto kuchemsha maji bure.

Maji ndiyo yanayochafua kazi. Kisima cha Mikindani kina chumvi, kile cha bondeni kina kalisi, na bomba lina klorini. Yote hayafai. Maji ya mvua ya bati siyo safi unavyodhani, yana zinki na vumbi. Pitisha kwenye kichujio cha resini mpaka mita isome chini ya mikrosimensi 5 kwa sentimita. Mita hiyo ni ndogo kama kalamu, usiache kuinunua.

Na lile tanki lifungwe kufuli. Methanoli inanukia kama gongo ya mabibo na mtu hatasoma kibandiko. Inapofua macho na kuua. Msiitie rangi ili kuwatisha, rangi inaishia kwenye kichocheo.

#17 MkoroshoMkavu

Na gesi yetu ya Mnazi Bay, mbona tunaikimbia? Ni methani karibu tupu.

#18 BintiMsimbati

Hatuikimbii, ila ni kazi nyingine. Methani inataka rifoma ya nyuzi 700 hadi 800, na inatoa kaboni monoksidi nyingi mno, lazima ipite hatua ya pili ya kuigeuza na mvuke mpaka ibaki asilimia 1 hivi. Hapo PBI inaipokea bila shida. Ile ya nyuzi 80 ingetaka hatua ya tatu. Tena gesi inapotoka visimani haina salfa ya kutisha. Gesi ya majumbani ndiyo inayotiwa harufu ili watu wajue ikivuja, na harufu hiyo ni kemikali za salfa. Kwa hiyo ukichukua gesi ya bomba la mtaani, weka mtungi wa oksidi ya zinki au mkaa maalumu kabla ya rifoma, na ubadilishe kwa saa za kazi, siyo kwa kunusa. Pua yako inachoka kabla ya zinki.

#19 Chumvi_Lindi

Tuje kwenye kupima sasa. Volti imeshuka, unajuaje nani mwizi? Vifaa ni maltimita yenye nyaya ndefu, kipimo cha ukinzani cha kilohezi 1, karatasi za kupimia pH na mita ya shinikizo.

Pima kila seli peke yake, usipime staki nzima, seli moja mbovu hujificha nyuma ya 39 nzima. Ondoa mzigo sekunde chache tu. Kama volti isiyo na mzigo ni chini ya 0.85 wakati seli jirani ziko 0.95, haidrojeni inapenya: utando una tundu au umekuwa mwembamba. Thibitisha kwa kufunga anodi na naitrojeni ya milibaa 200 na kuangalia inavyoshuka kwa dakika 10.

Kama volti bila mzigo ni nzuri lakini ukinzani wa kilohezi 1 umepanda, asidi imepungua au ina kiu. Utando mzuri wa unene wa mikroni 100 uko karibu omu 0.1 kwa sentimita ya mraba moja. Weka mzigo wa kawaida saa 6 halafu pima tena. Ukirudi chini, ilikuwa kiu. Usiporudi, asidi imeondoka.

Volti nzuri bila mzigo, ukinzani ule ule, lakini hata kwa mzigo mdogo kabisa imeshuka: chembe za platinamu zimeshikana kuwa madonge au zina salfa. Inashuka kwa mzigo mkubwa tu: njia za gesi zimejaa asidi, au kaboni imeliwa na elektrodi imelainika.

Karatasi za pH tumia kwenye maji ya upande wa hewa. Zungusha bomba la kutolea ndani ya ndoo ya maji baridi ukusanye matone kwenye glasi. Maji safi yaliyokutana na hewa husoma pH karibu 5.6. Ukisoma 3, hiyo ni asidi ya fosforiki inaaga. Usipime maji ya upande wa anodi ukitumia rifoma, yamejaa kaboni dayoksidi, yatakuonyesha asidi ambayo siyo. Na kabla hata ya karatasi, angalia ungio la shaba nyeupe kwenye bomba la kutolea. Likiwa na ukoko wa kijani unaobanduka kwa ukucha, jibu umeshalipata.

#20 FundiPalepale

Hilo ungio la shaba halikutakiwa kuwepo. Wala chuma cha kawaida, wala alumini. Kutu ya chuma ikiingia ndani inasaidia kutengeneza chembe kali zinazokata minyororo ya PBI. Mabomba yawe ya plastiki za florini, zile nyeupe zinazoteleza, na gasketi za jamii hiyo au raba ya Viton. Gasketi ya silikoni ile nyekundu ya injini msiiweke, asidi ya moto inaila. Sahani ziwe za grafiti iliyojazwa resini ya kuhimili joto, na kaza bolti kwa msalaba, kwa spana yenye kipimo, raundi tatu: theluthi, theluthi mbili, mwisho. Rudia ukishaipasha mara ya kwanza, maana utando hukaa chini kidogo. Mara ya tatu usiguse.

#21 BintiMsimbati

Swali kwa Mwalo: zile tando za maabara ya Los Alamos, Marekani, zinazotumia plastiki yenye vikundi vya amoniamu vyenye chaji badala ya PBI, zitatusaidia na huu unyevu?

#22 Mwalo_Mikindani

Zile za 2016 zilionyesha kitu cha maana kwetu hasa: asidi inashikwa kwa chaji, siyo kwa kulowekwa tu, kwa hiyo inavumilia kufanya kazi kuanzia nyuzi 80 mpaka 160 hata hewa ikiwa na maji. Maana yake kuwasha kungekuwa rahisi, usingesubiri dakika 45. Ila platinamu ni ileile na kaboni ni ileile, kwa hiyo volti 1.4 ya kuwasha vibaya na salfa ya mikorosho zinabaki kama zilivyo. Utaratibu wa #11 hautupwi.

#23 Mtu_wa_Tandahimba

Moja la mwisho. Nikiagiza akiba ya tando, zinakaa stoo muda gani?

#24 Chumvi_Lindi

Zikiwa kwenye mfuko wa foili uliozibwa kiwandani, zinakaa. Tatizo ni ule uliofunguliwa kuchukua kipande kimoja na kurudishwa na gundi ya karatasi. Nunua vifurushi vya kipande kimoja kimoja. Fungulia kwenye chumba chenye kiyoyozi, asubuhi, glavu za mpira mikononi, na kuanzia mfuko kufunguliwa hadi bolti kukazwa isizidi nusu saa. Ukiona matone yanang'aa juu ya utando kabla hujaufunga, umeshakunywa hewa ya Lindi. Usiufute kwa kitambaa, utafuta na asidi. Urudishe kwenye mfuko wenye punje za kukaushia, usubiri matone yapotee, ndipo uuingize.

#25 Mtu_wa_Tandahimba

Punje zile za kwenye maboksi ya viatu?

#26 Chumvi_Lindi

Hizohizo, mkuu. Ila zikaange kwanza kwenye oveni nyuzi 120 saa mbili, za boksi la kiatu zimeshashiba tangu melini.